Mizinga juu ya ghorofa: lijue paa kwanza

Kila anayetaka kuweka mizinga juu ya ghorofa huniuliza kwanza kuhusu kuumwa. Nami humuuliza: paa lenu linabeba kilo ngapi? Wengi hunyamaza hapo. Nyuki wenyewe wanaijua kazi yao, wawe chini ya mti au juu ya zege. Kinachobadilika ukipanda juu ni uzito, upepo, joto, ngazi, na watu wanaolala chini ya miguu yako. Mambo hayo yanamalizwa kabla hujanunua hata kopo la rangi ya mzinga.

Mimi nafuga kwenye paa bapa la jengo ninaloishi, ghorofa nne, bila lifti. Zamani nilifuga ardhini, kwa hiyo tofauti naijua kwa magoti yangu.

Uzito

Mzinga mtupu wa Langstroth, ule wa masanduku yanayopangwa juu kwa juu yenye fremu za mbao za kushikia masega, hauna shida, mtu mmoja anaubeba. Shida ni ukijaa. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, na sanduku refu la fremu 10 lililojaa asali hukaribia kilo 40. Weka sanduku la majana (mayai na watoto wa nyuki) chini, mawili ya asali juu yake, kisimamio, na tofali la kuzuia mfuniko usipeperuke: umeshavuka kilo 100, na zote zimekalia eneo la sentimita 41 kwa 51. Kwa mita ya mraba hizo ni kama kilo 500. Hapo hatujakuhesabu wewe uliyesimama pembeni na sanduku mkononi.

Mapaa mengi hujengwa kwa ajili ya fundi anayepanda mara moja moja kukagua tangi au antena, hayakujengwa kubeba mizigo ya kudumu. Mwite mhandisi wa majengo, mwonyeshe uzito wa mzinga uliojaa, na umwombe akuchoree nguzo, boriti na kuta zinazobeba zimepita wapi. Mizinga inakaa juu ya hizo. Katikati ya slabu, mbali na boriti, ndipo mahali pabaya kuliko pote, na kwa bahati mbaya ndipo macho yanapopapenda, maana pana nafasi. Tandika mbao ndefu chini ya kisimamio ili uzito utawanyike, na chini ya mbao weka vipande vya mpira. Miguu myembamba ya kisimamio hutoboa tabaka la kuzuia maji, na siku dari ya jirani itakapoanza kuvuja, mizinga yako ndiyo itakayoshtakiwa hata kama haina hatia.

Paa la mabati lililoinama tuliache. Hapo hakuna mjadala.

Ukishapata ruhusa ya uzito, punguza uzito. Kwa asali mimi natumia masanduku mafupi, ambayo yakijaa hayazidi sana kilo 25. Mgongo unashukuru. Kuna wanaochagua mzinga mrefu wa pau za juu kwa sababu hauna masanduku ya kunyanyua, ni sega moja moja tu. Wazo zuri, ila sega lisilo na fremu huning'inia kwa nta yake yenyewe, na nta hulainika mapema kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Juu ya zege lililochomwa na jua kutwa, sega jipya lililojaa asali hukatika ukiligeuza vibaya. Kwenye paa nachagua fremu.

Njia ya kupanda na kushuka

Hii watu huisahau kabisa. Kila kinachopanda mtupu kitashuka kimejaa. Panda mpaka juu ukiwa umekumbatia sanduku la ukubwa ule ule, uone: mlango wa paa unapita? Kona za ngazi zinageuka? Kama paa lenu linafikiwa kwa ngazi ya kuegemeza na tundu la mraba darini, usifuge huko. Kilo 25 za asali, nyuki wachache wenye hasira ndani ya wavu wa uso, na mguu unaotafuta kipandio kisichoonekana, sihitaji kuendelea.

Ukingo wa paa uwe na ukuta au reli inayofika kiunoni, na mizinga ikae mita kadhaa kutoka hapo. Mtu akiumwa hurudi nyuma bila kuangalia. Uwe umesimama mahali ambapo kurudi nyuma hatua tatu hakukupeleki popote.

Watu

Uliza sheria za mji wako na masharti ya jengo kabla ya lolote. Usidhani kwamba kwa kuwa hakuna aliyekukataza basi inaruhusiwa. New York, mji unaotajwa sana siku hizi kwa mizinga ya juu ya maghorofa, ilikuwa imepiga marufuku ufugaji huu hadi mwaka 2010. Ruhusa ya mwenye jengo iwe ya maandishi.

Halafu majirani, mlango kwa mlango. Swali la kuuliza ni moja: kuna mtu hapa ambaye akiumwa na nyuki huvimba mwili mzima, hubanwa pumzi au huzimia? Jibu likiwa ndiyo, zungumza naye kabla ya kuzungumza na muuza nyuki. Mtu wa namna hiyo huhitaji kuwa na sindano ya adrenalini karibu, na ana haki ya kusema hapana. Kwa sisi wengine, mwiba unaendelea kusukuma sumu hata baada ya nyuki kuondoka, kwa hiyo utoe upesi kwa njia yoyote. Upesi ndio muhimu, iwe umeukwangua au umeubana kwa kucha.

Wako pia wasioishi kwenye jengo: fundi wa antena, wasafisha tangi, wa viyoyozi. Hawa hupanda bila kukujulisha. Bandika tangazo upande wa ndani wa mlango wa paa, lenye namba yako ya simu, likieleza mizinga iko upande gani na mtu apite wapi. Bandiko la nje halimsaidii mtu ambaye ameshatoka.

Jambo lingine ambalo hawatakuuliza bali watakulalamikia ni nguo zilizoanikwa. Nyuki hawachafui mzinga wao, hutoka nje kujisaidia wakiwa angani, hasa baada ya siku za mvua au baridi walipofungiwa ndani. Madoa ya manjano kwenye shuka nyeupe hayana utetezi. Kama kamba za nguo ziko paani, mizinga ielekee upande mwingine, na mwambie mama wa ghorofa ya tatu ukweli huo mapema.

Nyuki gani

Nyuki wa Afrika, Apis mellifera scutellata, ni wachapakazi lakini hujihami kwa wingi, humfukuza mtu mbali, na huhama upesi wakisumbuliwa. Ndio hao ambao makundi yao yalitoroka Brazili mwaka 1957, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya na kusambaa hadi Marekani. Kama unakoishi nyuki ni hao, ushauri wangu ni mfupi: wafuge mbali na makazi, paa la ghorofa la watu wengi si mahali pao. Penye nyuki wapole, nunua kundi kutoka kwa mfugaji unayeweza kumtembelea, umwone akifungua mzinga huo huo utakaouchukua. Kundi kali hubadilishwa malkia. Ndani ya wiki sita au zaidi kidogo, nyuki vibarua wa zamani watakuwa wamekufa wengi wao, na mabinti wa malkia mpya wataleta tabia yao.

Upepo, jua na mlango

Nyuki huruka kwa takriban kilomita 24 kwa saa. Upepo ukifikia mwendo huo, kazi yao ni kupambana nao tu, tena wakirudi wamebeba mzigo na nyumba iko juu. Ndiyo maana napendelea maghorofa mafupi, na zaidi ya kumi mimi nasita, ingawa wapo wanaofanya. Weka mizinga nyuma ya kitu: chumba cha lifti, tangi, ukuta. Isikae karibu na viyoyozi, kwa sababu vinatikisa na kutema hewa ya moto, wala karibu na matundu ya kuingizia hewa, maana moshi wako wa kutulizia nyuki utaingia chumbani kwa watu.

Kila mzinga ufungwe mkanda wa mizigo kuanzia mfuniko hadi kisimamio, na kisimamio kiwe kifupi. Tofali juu ya mfuniko peke yake halitoshi. Mfuniko uliopeperuka kutoka ghorofa ya nne unaweza kumuua mtu barabarani.

Mlango wa mzinga uelekezwe mahali ambapo, mita moja au mbili mbele yake, kuna ukuta au wavu wa urefu wa mita mbili. Nyuki watalazimika kupanda juu moja kwa moja, na wakishapanda hawashuki tena kwenye vichwa vya watu. Usiuelekeze kwenye taa kali za usiku. Nyuki huvutwa na mwanga, na madirisha yenye taa yakiwa karibu na mlango wa mzinga, asubuhi utaletewa malalamiko.

Joto nalo si mchezo. Majana hulelewa kwenye nyuzi 34 hadi 35, na nyuki hutumia nguvu nyingi kulinda kiwango hicho. Zege hupokea jua mchana na kulirudisha usiku. Nyanyua mzinga sentimita 40 hivi kutoka sakafuni, upake rangi nyeupe, uache upenyo wa hewa chini ya mfuniko, na upatie kivuli cha mchana kwa wavu uliofungwa imara. Ukiona nyuki wamejazana kama ndevu mbele ya mlango jioni ya joto, wanapunga hewa, usiwe na hofu.

Maji kabla ya nyuki

Nasisitiza neno kabla. Kundi moja wakati wa joto laweza kuhitaji lita moja ya maji kwa siku au zaidi. Wanayachota, wanayapaka kwenye masega, wanapepea kwa mabawa, na mzinga unapoa. Nyuki akishapata mahali pa kuchota hupakumbuka na kuwaongoza wenzake, na kumbadilisha mawazo ni kazi kweli. Hawapendi maji safi yasiyo na harufu. Watayaacha hayo na kwenda kwenye bwawa la kuogelea lenye klorini, au sahani ya mbwa wa jirani, au bomba linalovuja kwenye roshani ya mtu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nyuki wanafika, maji yawepo tayari, kwenye jua kidogo, hatua kadhaa kutoka mizinga. Beseni pana lenye kokoto zinazochungulia juu ya maji, ili wasimame bila kuzama. Chumvi chembe chache, au maji ya jana yenye ukijani kidogo, huwavuta kuliko ya bombani. Kwa sababu ya mbu, miminia mapya mpaka ya zamani yamwagike, kila siku chache, na usugue beseni mara kwa mara. Usiliache likauke hata siku moja ya kiangazi, kwa maana siku hiyo hiyo watajifunza anwani nyingine.

Kufungua mzinga ukiwa juu

Chagua siku ya jua, isiyo na upepo, katikati ya asubuhi hadi alasiri, wakati wachotaji wengi, wale wa kutafuta chakula, wako nje. Angalia pia chini: kama ua wa jengo una sherehe ya watoto, ahirisha.

Moshi huficha harufu ya hatari ambayo nyuki hutoa wakijihami, na huwafanya wakimbilie kula asali. Harufu hiyo ya hatari inafanana na ndizi mbivu, basi usile ndizi kabla ya kupanda. Pumzi mbili tatu mlangoni, subiri dakika moja, kisha fungua. Bomba la moshi, kile kifaa cha mkononi cha kufukizia nyuki, ni moto juu ya nyumba ya watu, tena penye upepo: ndoo ya maji iwe mkononi mwako, bomba likae juu ya sahani ya chuma, na ukimaliza ziba mdomo wake kwa majani mabichi. Mlango wa paa ufungwe nyuma yako, lakini usijifunge; chukua ufunguo.

Patasi, brashi na vipande vya nta viwekwe ndani ya ndoo. Hakuna kitu cha kuachwa ukutani kwenye ukingo. Na fagia ulipomaliza, kwa sababu nyuki waliokufa na nta huziba mifereji ya maji ya mvua.

Kundi kugawanyika

Ardhini, kundi likigawanyika unalifuata mtini. Mjini linaweza kutua kwenye taa ya barabarani, na wewe uko ghorofani unachungulia. Malkia wa zamani huondoka na nusu ya nyuki au zaidi. Wakati huo huwa wapole, wameshiba asali na hawana watoto wa kulinda, lakini nenda ukawaambie hivyo watu waliosimama kituo cha basi.

Kwa hiyo msimu wa maua kagua kila baada ya siku 7. Siku hizo zina sababu: malkia mpya hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, lakini kikombe chake, yaani chumba cha nta anamolelewa, hufungwa karibu siku ya 8, na hapo ndipo kundi huondoka. Tafuta vikombe virefu vinavyoning'inia kama njugu chini ya fremu. Ongeza sanduku kabla nafasi haijaisha. Vikombe vikishakuwa na mabuu, usivivunje ukadhani umemaliza, watajenga vingine. Ligawe kundi wewe mwenyewe: mchukue malkia wa zamani na fremu mbili tatu zenye majana na nyuki wake, umweke kwenye mzinga mdogo upande wa pili wa paa. Mkung'utie nyuki wa ziada kutoka fremu nyingine, maana wazoefu wa njia watarudi kwenye mzinga wa zamani na kumwacha mpweke. Kule kwa zamani acha kikombe kimoja kizuri, au viwili.

Tegesha pia mzinga mtupu wa ujazo wa lita 40 hivi, wenye tundu dogo na sega kuukuu ndani. Wapelelezi wa nyuki hupenda mahali pa juu, nawe uko juu tayari.

Kuhusu utitiri wa varoa, wadudu wadogo wanaowanyonya nyuki, paa halikuepushi. Chukua nusu kikombe cha nyuki kutoka fremu ya majana, ambao ni kama 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo, uwaoshe kwa spiriti na uhesabu utitiri. Ukizidi 3 kwa kila nyuki 100, tibu, na utibu kwa dawa iliyoruhusiwa kwa nyuki tu.

Kushusha asali

Saa 24 hadi 48 kabla, weka chini ya sanduku la asali ubao wa kutorosha nyuki: wanashuka kwenda kwa malkia, na hawajui njia ya kurudi. Hivyo utapita kwenye ngazi za watu na sanduku lisilo na nyuki. Chukua fremu zilizofunikwa nta kwa asilimia 80 au zaidi, na upime maji ya asali kwa refraktomita. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni asilimia 20. Mimi hupenda isizidi 18, kwa sababu asali yenye maji huchacha. Kamua ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Usiache kamwe fremu zenye asali paani "nyuki wazisafishe": mizinga yote ya mtaa itakuja kuiba, na vurugu hiyo haina mwamuzi. Na ukimgawia jirani chupa, mwambie mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, kwani asali inaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria wa botulini.

Mizinga mingapi

Miwili. Mmoja haukupi cha kulinganisha, na ukifiwa na malkia huna pa kuazima fremu yenye mayai. Zaidi ya miwili mitatu, jiulize maua yako wapi. Nyuki hutafuta chakula hadi kilomita tatu na mara nyingine mbali zaidi, lakini mfugaji wa paa la pili na la tatu naye anategemea bustani hizo hizo. Bustani ya Kew ya London ilionya mwaka 2020 kwamba wingi wa nyuki wa kufugwa katika miji kama huo unawabana nyuki wa porini, ambao hawana mtu wa kuwapa sharubati ya sukari. Hesabu miti ya mtaa inayochanua, na miezi inayochanua, kabla ya kuongeza mzinga wa tatu. Nyuki wenyewe ni wavumilivu kuliko tunavyodhani: mizinga mitatu iliyokuwa juu ya paa dogo la kanisa la Notre-Dame, Paris, ilinusurika moto wa Aprili 2019, ikiwa kama mita 30 chini ya paa lililoungua. Njaa ndiyo hawawezi kuivumilia.

Kukarabati paa

Siku itafika paa litahitaji lami mpya. Usidhani utasogeza mizinga upande ule na kuirudisha. Nyuki hukariri mahali, si mzinga: ukiusogeza mita kumi, wachotaji watarudi kwenye nafasi tupu na kuzunguka juu ya vichwa vya mafundi. Sogeza chini ya mita moja kwa wakati, au upeleke zaidi ya kilomita tano na uuache huko wiki tatu. Toa asali kwanza. Usiku, wote wakiwa ndani, ziba mlango kwa wavu unaopitisha hewa, usizibe kwa mbao, kaza mikanda miwili, kisha uushushe mkiwa watu wawili, mmoja akitangulia chini na taa nyekundu kichwani, kwa sababu mwanga mwekundu nyuki hawauoni.